Kadi Isiyo na Jina la Nyamizi

Zuhura mwanangu,

Umetoka kwenda Gongoni kumuaga shangazi yako, na najua hatakuachia mpaka magharibi, kwa hiyo nina nafasi. Nimetandika mkeka barazani, nimesukuma chupa za rangi pembeni, na leo kalamu hii haitaandika harusi ya mtu.

Mambo ya safari sikuambii. Baba yako amekwisha kukuambia ukae upande gani wa behewa na sanduku ulifunge vipi, na asubuhi nimemsikia anarudia tena kama anayefundisha darasa la kwanza. Kupika na kufua unajua. Habari za wanaume umezisikia kwa shangazi zako kupita kiasi. Mimi nataka kukuambia jambo moja nililolificha miaka mingi, na nataka uondoke nalo kabla hujakaa mbele ya mashine ya kuchapa huko Dar es Salaam na kuanza kupanga majina ya watu.

Unamkumbuka yule bibi aliyekuja ulipokuwa darasa la tatu, akaomba kalamu yangu, akaandika juu ya kadi nzuri ya harusi mpaka maua yakafunikwa? Ulilia kwa ajili ya ile kadi. Uliniuliza kwa nini ameiharibu, nami nikakuambia ana kichaa kidogo, tumwombee.

Hakuwa na kichaa. Alikuwa na akili timamu kunishinda mimi, na nilimsingizia kwa sababu niliona haya mbele yako. Hiyo ndiyo barua yenyewe. Yaliyobaki ni maelezo, lakini nataka uyasikie yote, na nataka uyasikie kwangu.

Babu yako, baba yangu mzazi, alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Hakujaliwa mtoto wa kiume, basi akanikalisha mimi na kunifundisha khati kwa kalamu ya tete. Watu walimwambia mtoto wa kike akijua kuandika atawaandikia wanaume barua. Akawajibu, "Na akiandikiwa yeye, nani atamsomea? Ninyi?" Baba yake yeye alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu begani kutoka hapa mpaka pwani, akarudi na vitambaa vya watu wengine, njia ile ile ambayo treni yako itapita kesho. Haya nakuambia ili ujue kwamba nilipofanya nililofanya, nilijua vizuri sana natoka wapi. Sina kisingizio cha ujinga.

Zamani harusi za hapa zilialikwa kwa mdomo. Mwanamke mmoja mwenye sauti alipita nyumba hadi nyumba, akapewa kikombe cha kahawa kila baraza. Uhuru ulipokuja watu wakataka kadi. Zikaletwa kutoka Dar, zina waridi za Ulaya na bibi harusi mwenye nywele za rangi ya mahindi mabivu. Niliishika moja nikamwuliza mwenye duka, "Huyu biarusi ni wa mtaa gani wa Tabora?" Akacheka. Mimi sikucheka. Nilikwenda nyumbani nikakata katoni ya sabuni, nikaipiga pasi, nikachora ukingoni ruwaza ya ukili wa mkeka, na katikati mkono wenye hina. Majina nikayaandika kwa herufi za shule, lakini kwa mikunjo ile aliyonifundisha baba. Ilikuwa harusi ya jirani. Watu waliibandika ukutani baada ya harusi kwisha.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Katoni zilipokosekana nikamfuata mzee mmoja mrina asali, akanionyesha namna ya kulitoa gome la myombo, kulilowesha, kulipondaponda mpaka linakunjika kama kitambaa. Rangi nyekundu niliitoa kwenye utomvu wa mninga. Nta ya nyuki nikaipaka mahali ambapo sikutaka rangi iingie. Umekua na harufu ya vitu hivi puani, sina haja ya kukueleza. Ila hujui kwamba ndugu za baba yako walisema nawaaibisha, mke wa mtu kukaa barazani mikono myekundu kama mchinjaji. Sikuwajali. Nilijiona shujaa. Mtu akishajiona shujaa kwa jambo moja, huacha kujiangalia kwenye mengine. Hapo ndipo nilipoanguka.

Ulikuwa na miaka sita Bwana Nasoro alipokuja kwetu. Unamjua, yule mwenye duka la nguo karibu na soko, ambaye babu zake walikuja kutoka Omani wakati wa misafara wakajenga hapa. Watu wa heshima, na nyumba yao ilikuwa haijawahi kumwagiza kitu mtu wa huku kwetu Ipuli. Alikuja mwenyewe, kanzu nyeupe, fimbo mkononi, akakaa hapa hapa nilipo sasa.

"Binti yangu Zuwena anaolewa," akasema. "Nimeona kazi yako. Nataka kadi mia mbili, na nataka ziwe nzuri kuliko ulizowahi kufanya."

Niliona mbingu zimefunguka. Alinipa karatasi yenye maneno. Nikasoma: Bwana Nasoro bin fulani bin fulani, na mkewe, wana furaha kukualika katika arusi ya binti yao Zuwena na Mwalimu Hamisi. Siku ya Ijumaa, saa kumi alasiri. Basi.

"Na wazazi wa bwana harusi?" nikauliza.

"Hao watajulishwa kwa mdomo."

"Majina yao, Bwana. Ningeyaweka hapa chini."

Akanitazama kwa upole. Hakuwa mkali, Zuhura, wala sitaki umchukie. "Baba wa kijana amefariki," akasema. "Mama yake ni mkulima wa Ntalikwa. Kadi hizi zitakwenda Ujiji, zitakwenda Mwanza, kwa jamaa zangu. Hakuna atakayemjua. Kuliandika jina lake ni kulijaza gome bure."

Nilijua si kweli. Nilijua kwamba jamaa zake walikuwa wamenuna kwa sababu binti anaolewa na Mnyamwezi mtoto wa shamba, na yeye baba alikuwa ameipigania ndoa hiyo kwa nguvu zake zote, kisha nguvu zikamwishia kwenye jina la mwanamke mmoja. Nilijua pia kwamba nikisema neno moja zaidi angeweza kuinuka. Sikusema. Nilisema, "Sawa, Bwana."

Nilizifanya mia mbili. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile kabla wala baada. Uzuri wa kazi hauoshi kitu, mwanangu. Nakuomba ulikumbuke hili siku watakapokusifu mkono wako.

Wiki moja kabla ya arusi, asubuhi, akaja mwanamke wa makamo, miguu ina vumbi mpaka magotini. Alikuwa ametembea kutoka Ntalikwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaongeza mwangaluka, salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, kama wafanyavyo watu wa kule wasiotaka salamu iishie njiani. Akafungua pindo la khanga akatoa kadi yangu, imefungwa ndani ya jani la mgomba ili isipate jasho.

"Wewe ndiye uliyeandika hii?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi ni Nyamizi. Mama wa Hamisi." Akakaa mkekani, akanyoosha miguu. "Mwanangu amenipa moja niweke. Nimemwambia anisomee, akasema ana haraka. Mara mbili amesema ana haraka. Nikasema nitakwenda kwa mwenyewe aliyeiandika. Nisomee, mwanangu."

Nikaishika. Wewe ulikuwa uani unacheza, nakusikia unaimba. Ningeweza kusema ukweli. Ulikuwa ukweli mfupi tu. Nikamtazama usoni, nikaona jinsi alivyojiandaa kusikiliza, nikafungua mdomo na kusoma: "Bwana Nasoro, pamoja na Bi Nyamizi wa Ntalikwa, wana furaha kukualika."

Alifumba macho. "Rudia."

Nikarudia.

"Liko wapi?" akasema. "Jina langu. Nionyeshe nilijue sura yake."

Zuhura, nilikishika kidole chake cha shahada. Kilikuwa kigumu, kimepasuka kwa jembe. Nikakivuta juu ya gome, nikakiweka juu ya neno Ijumaa.

Akalifuata neno lile taratibu, mwanzo mpaka mwisho, mara tatu au nne. Akasema ni jina zuri linapoandikwa. Akanishukuru. Akafunga kadi kwenye jani lake, akaniachia kibakuli cha karanga alizozibeba kutoka kwake, akaenda zake. Nami nikajiambia nimefanya wema. Nilijiambia hivyo kwa miaka minne. Nilikuwa nikikumbuka kile kidole na kujipa moyo, mama wa watu ameenda na furaha, ukweli ungemsaidia nini?

Katika miaka ile watu wa Ntalikwa na kwingineko walihamishwa wakae pamoja, nyumba zikapangwa mstari, na katika ghala la kijiji wakaanzisha masomo ya watu wazima, jioni baada ya shamba. Nyamizi akaenda. Nilisikia baadaye kwa watu wa kule kwamba wenzake walikwenda ili wajue kupima mbolea na kusoma vipimo vya pamba. Yeye alikwenda kwa sababu alikuwa na kitu chake nyumbani cha kusoma. Alipoweza kuunganisha herufi, alifunga mlango, akaitoa kadi, akaweka kidole pale pale alipokumbuka. Akasoma. I, ju, ma, a.

Siku hiyo aliyokuja ulikuwa umetoka shule, umevaa sare. Safari hii hakukaa.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Hakuitikia. Akanyoosha kadi. "Mimi naitwa Ijumaa?"

Nikainama kupanga chupa za rangi.

"Nakuuliza. Miaka minne nimewaonyesha watu. Nimewaonyesha wageni, nimemwonyesha mganga wa zahanati, nimemwonyesha mwalimu. Naweka kidole nasema, hili ndilo jina langu. Wengine wanajua kusoma. Wote wakaitikia kwa kichwa, ndiyo mama, ndiyo. Mwanangu mwenyewe alikuwapo, akatazama chini." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Sasa niambie. Naitwa Ijumaa?"

"Bwana Nasoro ndiye aliyeagiza, mama," nikasema. "Mimi ni fundi tu. Naandika ninaloambiwa."

"Bwana Nasoro aliniacha nje. Wengi wameniacha nje, nimezoea, naye sina neno naye. Wewe ulikishika kidole changu."

Nikasema nitamfanyia kadi nyingine, nzuri zaidi, jina lake liwe kubwa. Akatikisa kichwa.

"Nyingine ya nini? Arusi ilikwisha. Waliokwenda walikwenda na hii." Halafu akasema, "Nipe kalamu."

Nikampa ile ya tete. Akachuchumaa, akaiweka kadi juu ya goti, akaanza kuandika jina lake. Herufi zake zilikuwa kubwa, zimeinama kila moja upande wake. Alipita juu ya mkono wenye maua ya hina, akapita juu ya jina la Bwana Nasoro, wino ukadondoka, hakujali. Ilimchukua muda mrefu. Wewe ulisimama mlangoni na madaftari kifuani ukaanza kulia kwa sababu ya maua. Alipomaliza akaipuliza kadi wino ukauke, akanirudishia kalamu, akaondoka bila kuaga.

Ndipo ukaniuliza, nami nikakujibu lile nililokujibu. Kwanza nilimdanganya yeye, kisha nikakudanganya wewe juu yake, na uongo wa pili ulikuwa mchafu zaidi kwa sababu ulikuwa wa kujiokoa waziwazi. Miaka saba umeishi ukiamini kwamba mwanamke yule alikuwa mwehu. Kesho ukikutana na mtu wa Ntalikwa ndani ya treni akataja jina la Nyamizi, nataka usimame, umpe kiti chako.

Utaniuliza kama nilikwenda kumwomba msamaha. Sikwenda. Nilitaka, mara nyingi, na kila mara nikaona ninachotaka ni yeye anipunguzie mzigo wangu. Alikuwa amekwisha kubeba vya kutosha. Badala yake nikaamua jambo moja, na kwa hilo watu wa mji huu wananiita mkaidi mpaka leo: kadi ya arusi haitoki katika nyumba hii bila majina ya wazazi wote wanne, mama na baba, aliye hai na aliyekufa, mwenye duka na mwenye jembe. Asiyetaka aende akanunue waridi za Ulaya.

Wakaenda! Usifikiri walinipigia makofi. Mteja mmoja alisema kadi zangu zimekuwa ndefu kama daftari la mahudhurio. Mwingine alisema binti yake amezaliwa na mke aliyeachwa, kwa hiyo asiandikwe yule mama. Nikamwambia basi atafute binti asiyezaliwa. Alitema mate pale kwenye kizingiti. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa nakaa barazani na gome likinikaukia mapajani, hakuna anayekuja.

Baba yako alikasirika. Unamjua alivyo mpole, lakini jioni moja alitupa sahani. "Mwajuma, waandikie watakavyo, tule! Wewe ni nani wa kuwarekebisha watu ukoo wao?"

Nikamweleza habari ya Nyamizi. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemweleza. Nilimwambia mpaka habari ya kidole. Akaokota vipande vya sahani kimoja kimoja. Wakati ule alikuwa anaendesha lori la pamba la ushirika. Alfajiri aliondoka na kadi zangu sita chini ya kiti, akazipeleka Nzega, pale njia panda ambapo watu wa kila upande wanapita, akazionyesha kwa wakulima wanaongoja kupima pamba. Akawaambia, "Mke wangu anaandika mpaka mama wa bwana harusi." Wakamwuliza, "Mpaka mama yangu mimi, wa kijijini?" Akajibu, "Hasa huyo."

Aliporudi alikuwa na orodha ya majina pande mbili za karatasi. Tangu hapo nilikula kwa mkono wa watu wa pamba na walimu na manesi, na sikumhitaji mtu wa mjini hata mmoja. Baba yako hakuwahi kuniambia samahani kwa ile sahani, nami sikuwahi kumdai hiyo samahani. Alichofanya kilitosha. Ukimpata mtu wa namna hiyo, usimtafute mwenye maneno.

Karatasi zilipoadimika kabisa, katibu wa tawi la chama alikuja hapa na daftari lake. Akashika kadi, akaigeuza. "Dada Mwajuma, nchi inajenga ujamaa, watoto wanakosa madaftari, nawe unatengeneza anasa za mabepari?"

"Hii ni gome, ndugu katibu. Gome halina foleni."

"Ni anasa."

"Soma majina," nikamwambia. Ilikuwa ya wakulima wawili wa Nzega. Akasoma, midomo ikichezacheza. "Sasa nionyeshe bepari ni yupi hapo, nimfute."

Akaandika kitu kwenye daftari, sijui nini. Mwezi uliofuata alileta majina ya arusi ya mdogo wake. Majina manne, bila kuambiwa.

Nakaribia mwisho, vumilia. Miaka minne iliyopita Bwana Nasoro alirudi. Binti yake wa pili anaolewa, na safari hii ni kwa jamaa wa Ujiji, watu wa daraja lake. Amezeeka, fimbo sasa ni ya kweli. Akanipa karatasi, maneno ni yale yale. Bwana Nasoro na mkewe. Kwa upande wa pili, Bwana fulani na mkewe.

"Nahitaji majina ya akina mama, Bwana," nikasema.

"Nimesikia una mambo hayo. Kwetu jina la mwanamke halitembezwi mikononi mwa watu. Ni stara."

"Nami siandiki bila hayo."

Uso ukambadilika. "Unanifunza adabu ya nyumba yangu?"

"Hapana, Bwana. Ya nyumba yangu."

Aliinuka taratibu, akachukua karatasi yake, akaondoka. Usidhani mtu mkaidi haogopi. Siku mbili nzima nilichungulia njia kila niliposikia fimbo.

Siku ya tatu akaja mwanamke ndani ya buibui, amepitia mlango wa uani. Alipofunua uso nikamtambua, Bi Salma, mke wa Bwana Nasoro. Nilidhani amekuja kunitukana.

"Kadi ya Zuwena niliyonayo sandukuni," akasema, "mimi nilikuwa wapi?"

"Palisemwa 'na mkewe', bibi."

"Mkewe ndiye nani? Bwana Nasoro amepata kuoa mara tatu. Jamaa wa Mwanza mpaka leo wanadhani Zuwena ni wa marehemu mke mkubwa." Akavuta kigoda akakaa. "Mimi ndiye nilimzaa Zuwena, siku mbili nikihangaika. Na huyu mdogo, nilimzaa mimi. Ameniambia umemfukuza. Sijawahi kumsikia mtu amemfukuza Bwana Nasoro. Niandike. Salma binti Khalfani. Na mama wa bwana harusi, nimekwisha kupeleka mtu Ujiji kuuliza. Mama huyo ameleta jina lake, na amesema ameshukuru."

"Na Bwana?" nikauliza.

"Bwana anataka kadi nzuri kuliko za watu. Hakuna mwingine anayezifanya. Atachagua."

Hakuchagua, alichaguliwa. Bi Salma alizichukua kadi mwenyewe, akazigawa mwenyewe, na Bwana Nasoro alikutana na jina la mkewe mikononi mwa imamu. Alimnunia Bi Salma mwezi mzima. Arusi ilifanyika, pilau ililiwa, hakuna stara iliyopasuka. Wageni wa Ujiji waliposhuka kwenye treni, Bi Salma alimwita mama wa bwana harusi kwa jina lake mbele ya stesheni nzima, wakakumbatiana kama waliolala tumbo moja. Mimi nilikuwapo, nimejibanza nyuma ya mizigo, nalia kama mjinga.

Bwana Nasoro hanisalimii hadi leo. Tukikutana njiani anatazama msikiti. Namwamkia tu, kwa sauti, kila mara.

Basi, huko uendako utakaa mbele ya mashine, na mbele yako kutakuwa na karatasi iliyoandikwa na mtu mwingine. Watakuambia nafasi ni ndogo, fupisha. Watakuambia wewe ni fundi tu. Ni maneno niliyoyasema mimi kwa mdomo wangu, mbele ya mwanamke aliyetembea kutoka Ntalikwa, na naujua uchungu wa maneno hayo ulimini. Sikuambii ushinde kila siku. Zipo siku utanyamaza, kwa sababu una njaa au kwa sababu umechoka, na hizo zitakuwa zako na Mungu wako. Lakini ukinyamaza, ujue umenyamaza. Usikae ukajiita mwema. Na yeyote atakayekuja kwako na karatasi akuombe umsomee, msomee kilichoandikwa.

Ami yako mkubwa alikuja jana ukiwa sokoni. Amesema msichana wa kwao hawezi kwenda kufanya kazi ya mashine na wanaume, nani atamwoa? Nimemwambia atakayemwoa atakuja hapa Ipuli, avue viatu, aketi mkekani, na aniulize mimi. Amesema nikikuacha uende nisimhesabu tena kuwa shemeji. Nimempa chai. Ameinywa yote.

Wala usirudi kwa sababu ya maneno yao. Ukirudi, rudi kwa sababu umetaka.

Nakusikia sasa, umefika kona ya nyumba ya jirani, unasalimia mume na mke na kuku wao, unacheka mpaka mbwa wanabweka. Sauti yako kubwa. Tangu ukiwa mdogo watu wamekuwa wakinishauri nikufundishe kuipunguza. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kukufundisha, mwanangu. Sikutaka.

Mama yako,
Mwajuma